Studio ya picha nyuma ya soko la Mwanga, Kigoma: baba katengenezwa na bado ni baba

Kwanza niseme wazi, hawajanilipa na wala hawajui kama naandika. Nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja niliyobana nitaieleza mbele, msinirukie. Ni studio ndogo tu nyuma ya soko la Mwanga, ukitokea upande wa barabara ya Ujiji unaingia kile kichochoro cha mafundi cherehani, unampita kinyozi mwenye spika kubwa, mlango unaofuata ndo wenyewe. Nje wameandika paspoti saizi, fotokopi, laminesheni. Hakuna palipoandikwa kwamba wanatengeneza picha za marehemu, ila kaa pale nusu saa tu utajua kazi inayowaweka mjini ni hiyo. Huyu kaja na kitambulisho cha kupigia kura, huyu kaja na kadi ya mfuko wa afya, mwingine ana picha ya harusi ya watu wengine kabisa ambayo marehemu katokea pembeni amebeba soda, wote wanataka kitu kimoja, itoke sura ya kuweka mezani siku ya arobaini. Tunajuana jamani, mtu akiwa hai hatumpigi picha, akishaondoka ndo tunaanza kupekua simu za watu saa nane usiku, "nani ana picha nzuri ya mzee?", kimya, af mtu anatuma picha ya kisogo.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa, Kibirizi. Maisha yake yamepita usiku kwenye maji na mchana kalala, sasa hata ukitaka kumpiga picha unampiga saa ngapi. Kipindi cha mbalamwezi ambapo dagaa hawafuati taa ndo alikuwa anatulia nyumbani Ujiji, kanzu yake, balaghashia yake, msikitini, barazani, na ukimtolea kamera anakwambia mpige mama yako. Pale Ujiji si kuna ule mnara wa Livingstone na Stanley walipokutana 1871, wageni wanatoka huko Ulaya wanapiga picha lile jiwe mpaka simu zinaisha chaji, baba kapita hapo na baiskeli miaka nenda miaka rudi hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia hebu simama hapo kidogo. Alipofariki tukakusanya zikapatikana picha tatu za maana. Moja ya rangi, ya zamani, yuko na wenzake kwenye meli ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, imekuwa nyekundu yote kama imechovywa kwenye mawese. Moja ya ujana wake, nyeusi na nyeupe, ipo kwenye fremu na imegandana na kioo. Na moja paspoti saizi ya miaka ya karibuni, ina mkunjo umepita shavuni.

Kabla hatujafika hiyo studio ya Mwanga kaka yangu aliipeleka ile paspoti kwingine, sitataja ni wapi, walichukua Sh 15,000 na wakamwambia zunguka sokoni ukirudi utaikuta. Kweli akarudi akaikuta. Imesafishwa inang'aa, mkunjo hamna, ikaja nyumbani ikafunuliwa mbele ya mama. Mama kaangalia, kaangalia, kauliza, "Huyu ni nani?"

Na alikuwa na haki ya kuuliza. Mzee kawa mweupe. Kavishwa suti na tai ya bluu, mtu ambaye sijawahi kumwona na tai hata siku moja, nyuma yake wamemwekea mawingu na njiwa. Meno yote yamejaa wakati sisi tunajua pengo lake. Ila kilichotuuma zaidi ni jicho. Baba alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, zamani wakati wanavulia karabai, kabla ya hizi taa za sola na betri, kioo kilipasuka usoni, na tangu siku hiyo lile jicho likawa limelegea kidogo, ukimwona unadhani anakukonyeza. Wamelifuta. Macho yote mawili sawasawa, wazi, yanatazama mbele. Dada yangu alitoka nje kabisa. Mtu ameshafukiwa halafu na sura yake nayo inachukuliwa.

Ndo nikapelekwa Mwanga na jirani aliyefiwa na mumewe mwaka wa nyuma. Fundi mwenyewe ni kijana, nadhani hata thelathini hajafika. "Shikamoo dada." "Marahaba." "Pole sana kwa msiba." "Nshapoa." Akaichukua ile ya mawingu akaitazama, hakucheka, nashukuru hakucheka, akasema hii ni AI dada, akili mnemba, wameingiza kwenye app wakabonyeza. Akanieleza na nikamwelewa: paspoti ni ndogo, taarifa zilizomo ni chache, sasa app ikitakiwa kuikuza inajaza palipopungua kwa kukisia, na inakisia kutokana na nyuso nyingine nyingi ilizofundishwa, kwa hiyo unachopata ni sura ya watu wote na sio ya mtu wako. Kovu kwake ni doa, pengo ni kasoro, vyote inavifagia. Yeye mwenyewe anaitumia AI, hakuficha, ila kwa kuondoa vumbi na mikwaruzo ya ukutani na kwenye nguo, ikifika usoni anazima anashika mausi.

Kilichonishangaza ni kwamba siku ile ya kwanza hakugusa kompyuta kabisa. Alitoa daftari akaanza kuniuliza. Mzee akicheka alikuwa anaonyesha meno? Pengo upande gani? Weusi wake ni wa kung'aa au wa vumbi? (Mi nikabaki nafikiri, hebu na wewe mfikirie baba yako, ni wa kung'aa au wa vumbi?) Mtu wa maji huyo eeh, basi ngozi ya paji la uso ilikuwa imekauka kwa jua au? Kanzu nyeupe au ya krimu? Nani kwenye familia wamefanana sana, aje hapa nimwone, sitamkopi, nataka nione shavu linavyoshuka akinyamaza. Na swali ambalo sikulitegemea, "Itatundikwa ukutani au itakaa kwenye albamu? Maana watu wetu wa Ujiji wengine hawatundiki." Hapo nikajua nimefika kwa mtu anayejua anahudumia nani.

Maana hilo lilikuwa linatusumbua kweli. Baba mdogo, ambaye ndo kabaki mkubwa wa familia, alishasema picha ukutani hapana, nyumba yenye picha malaika wa rehema hawaingii, hadithi ipo na anaijua. Upande wa mama ni Wakatoliki wa kutoka Kasulu, kwao ukienda sebuleni marehemu wote wamepangwa ukutani na rozari, na kila Novemba 2 wanatajwa kanisani. Sasa familia moja hiyohiyo huku wanataka atundikwe huku hawataki. Fundi hakuingilia, alisema tu natoa ya albamu, na nakala ya fremu kwa anayetaka, faili mnabaki nalo. Rahisi hivo.

Tuje kwenye kazi. Ile iliyogandana na kioo mimi nilishaanza kuwaza tuichomoe taratibu na kisu, akanikataza kwa sauti kabisa. Utando wa juu wa hizi picha za zamani ni jelatini, yaani kitu kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ukipata unyevu unanata, na fremu ikikaa kwenye ukuta unaovuja masika yote halafu kiangazi ikakauka imeshakuwa kitu kimoja na kioo. Ukivuta uso unabaki kwenye kioo. Wala usipanguse kwa maji wala spiriti. Alichofanya kaitoa fremu na ubao wa nyuma tu, picha na kioo chake akaviacha pamoja, akaweka mezani, taa mbili, moja kulia moja kushoto, zimeinamishwa ili mwanga usirudi kwenye lenzi, yeye mwenyewe kajifunika kitambaa cheusi na kamera ili asijione kwenye kioo. Kapiga hapohapo juu ya kioo. Nilikuwa nimesimama namwona baba wa miaka ishirini na kitu anatokea kwenye skrini, ana afro, jamani baba alikuwa na afro! Mama hakuwahi kutuambia. Jicho la kushoto bado zima.

Ya Liemba ndo iliyochukua muda. Aliniambia picha za rangi za miaka ya zamani zile rangi zake hazifi kwa pamoja, kwa nyingi ya samawati ndo inatangulia, hata kama umeifungia kabatini gizani, kwa hiyo zinazobaki ni wekundu na njano ndo maana albamu za kila mtu zina watu wekundu. Ina maana rangi nyingine bado imo, haijapotea yote, ukiiskani vizuri unaweza kuirudisha kwa kupunguza huku na kuongeza kule. Akaiskani. Akakaa anavuta. Kwanza likatokea ziwa, maana maji yalikuwa rangi ya matofali yakaanza kuwa maji. Af shati la baba likawa la kijani, na mimi hilo shati nalikumbuka nikiwa mdogo kabisa lilikuwa tambara la kufutia baiskeli, sijui niliishije miaka yote bila kulikumbuka. Nikamwambia fundi hiyo meli yenyewe ya Wajerumani, iliundwa 1913, ikazamishwa 1916 wakati wa vita na wenyewe walioileta, ikakaa chini ya maji mpaka 1924 ndo wakaiibua na mpaka tumezaliwa sisi bado inabeba watu. Akasema, "Basi dada kama meli iliibuka na mzee tutamwibua."

Paspoti akaimalizia ya mwisho na hiyo ndo tuliikuza. Alitaka kutuambia ukweli mapema, akasema A4 itatoka vizuri, A3 itaanza kuwa ukungu, mkitaka A3 nitawauzia lakini msije kunilaumu. Tukachukua A4. Kovu lipo. Jicho limelegea vilevile. Mkunjo wa shavuni umetoka lakini mikunjo ya kwake mwenyewe kaiacha yote. Alituma ya majaribio kwa WhatsApp akasema waonyeshe watu wasiopungua wawili waliomjua ndo mnijibu, shangazi akajibu kwa voisi kwamba pua imekuwa nyembamba, fundi akaongeza pua, hakununa hata kidogo. Shangazi kwenye mambo ya pua ya kaka yake huwezi kumshinda.

Niseme kidogo kuhusu lile benchi la kusubiria maana na lenyewe ni sehemu ya huduma hata kama hawalihesabu. Binamu yangu ni ustawi wa jamii, wakati wa msiba alituelezea zile hatua tano za majonzi, kukataa, hasira, kubembeleza, kuzama kwenye huzuni, kukubali, na ni wasomi wenyewe wanaosema yule daktari aliyezitoa mwaka 1969, Elisabeth Kübler-Ross, alizipata kwa kuongea na wagonjwa wanaokaribia kufa wenyewe, sio na wafiwa. Pale kwenye benchi hamna hatua. Kuna mama alikuwa anacheka kwa sababu marehemu mumewe kwenye kitambulisho kakunja uso kama anadaiwa, anacheka mpaka machozi halafu machozi yakabaki kicheko kikaondoka. Kuna kijana anagombania elfu mbili ya laminesheni kwa hasira ambayo wote tulijua sio ya laminesheni. Kuna mzee kaja na picha ya mtoto mchanga, moja, iliyopigwa hospitali, akasema tu "nataka isipotee" na hakuongea tena. Yule dada wa mapokezi, mfupi hivi, anavaa ushungi, anajua nani wa kumpa maji na nani wa kumwacha. Hajasomea popote, nilimuuliza.

Mama alikuwa eda wakati huo wote, miezi minne na siku kumi, maana alisilimu alipoolewa na hilo alilishika kuliko hata sisi. Hatoki, ndo maana mimi nilikuwa natumwa. Kilichokuwa kinatuumiza kichwa ni kula. Alikuwa hali. Vijiko viwili anasukuma sahani. Sasa mtoto wa dada anafanya kazi ya kutembeza wageni hifadhi ya Gombe, akaja kumpa pole bibi yake, akamsimulia ile ya sokwe wa kule ambao yule mtafiti Jane Goodall alianza kuwafuatilia 1960, kwamba kulikuwa na sokwe mama anaitwa Flo, alikufa 1972 kando ya kijito, na mwanae Flint, umri wa miaka 8 hivi, mkubwa kabisa anayeweza kujitafutia, akagoma kula, akawa anakaa tu, akarudirudi pale mama yake alipofia, wiki chache na yeye akafa. Sisi tukamkata jicho huyu mtoto, ndo habari za kumwambia mfiwa hizo? Mama kanyamaza, af akasema, "Basi nileteeni uji, nisije nikafa kama sokwe." Akanywa kikombe kizima. Sijui wataalamu watasema nini ila sisi tulikuwa tumejaribu mashehe, manesi na mashangazi, aliyefaulu ni Flint.

Picha ilipokuwa tayari sikumpelekea siku hiyohiyo. Fundi mwenyewe ndo alinishauri, alisema wengine wanataka haraka wengine bado, muulize kwanza. Nikamuuliza, akasema bado. Nikaiweka kabatini chini ya kanga. Akaja kuiomba mwenyewe baada ya eda, na hakusema chochote kuhusu rangi wala fremu, aliweka kidole kwenye lile kovu akasema "eeh". Kwa waliokuwa na haraka ya kufanya kila kitu kiishe kabla ya arobaini, nawashauri hivyo, hitma isomwe kwa wakati wake, picha sio lazima.

Kingine ambacho sikujua kama wanafanya, na kwangu ndo kimezidi hata picha, ni sauti. Dada wa mapokezi aliniuliza simu ya marehemu ipo? Ina voisi? Nikamwambia ipo imezimwa. Akasema ilete. Kumbe watu wengi wanazitunza kwa kuiacha simu kwenye droo, halafu betri inavimba, au mtoto anaichukua kuchezea gemu, au mtu anafuta WhatsApp akidhani ataipata tena kwa namba ileile. Na namba nayo haikungoji, laini isipotumika muda mrefu kampuni inaifunga na baadaye inampa mtu mwingine. Hilo lilishamkuta dada yangu wa Tabora, alikuwa na tabia ya kumpigia baba ili tu asikie haipatikani, siku moja ikaita, moyo ukamruka, kijana akapokea, "Haloo?" Dada akanyamaza. Yule kijana akasema, "Mama umekosea namba," kwa upole tu, hakujua.

Wale pale studio wakachomeka simu, wakafungua folda ya voisi za WhatsApp, zile faili za opus, wakazikopi zote kwenye flashi na nyingine wakanitumia mwenyewe, zile muhimu wakazibadilisha zikawa mp3 ili zifunguke hata kwenye redio ya gari. Hamna hata moja ya kusema nakupenda mwanangu, msitegemee. Kuna ya kuniambia nisinunue dagaa kwa jamaa fulani ananipunja, "subiri giza la mwezi liingie, bei itashuka yenyewe". Kuna moja sekunde nne anakohoa halafu anasema "limejibonyeza". Hiyo ya kukohoa ndo kaka yangu anaisikiliza kila siku, na ni mtu mgumu huyo, msibani hakudondosha chozi.

Na baba mdogo? Alikuja akaona albamu, akafunua ukurasa mmoja mmoja, akaifunga. Vijana wa boti walikuwa wanataka fulana zenye sura ya mzee kwa ajili ya hitma, alikataa, zikaandikwa maneno tu na tarehe, zikapendeza. Siku mbili mbele akanipigia, anazunguka zunguka kuhusu mvua, kuhusu mihogo, mwishoni, "Hiyo ya kwenye meli… unaweza kunirushia kwenye simu? Ya kwenye simu sio ya ukutani." Nikamrushia. Sitaki kuingia kwenye fatwa za watu.

Sasa ile nyota niliyobana. Kwanza muda. Walisema Ijumaa ikawa Ijumaa ya pili, mara umeme, mara wino wa printa unatoka Mwanza, na ukipiga simu unaambiwa "ipo kwenye mashine" wakati unasikia kabisa mashine haijawashwa. Mtu mwenye tarehe ya arobaini hiyo ni presha. Pili kinyozi wa jirani, sio kosa lao lakini unaelezea pengo la baba yako huku singeli inapigwa dirishani, wangeomba hata wapunguze. Tatu fremu. Zile fremu zao za dhahabu ni plastiki iliyopakwa, ya dada ilianza kubanduka kona hata hajafika nayo Tabora. Chukueni picha tu, fremu mkachongeshe kwa fundi seremala wa mninga, mtalipa zaidi kidogo na mwambieni aache nafasi kati ya picha na kioo, hata kipande chembamba cha kadibodi pembeni, isije ikagandana tena kama ya mwanzo.

Na la nne hili ndo lilinikera hasa. Ukuta wao wote wamebandika kazi zao, kabla na baada, na hao wote ni marehemu za watu. Nilimwona pale mwalimu wangu wa shule ya msingi, sikujua hata kama amefariki, nimeipata taarifa ya msiba kwenye tangazo la biashara. Nikawaambia ya baba isibandikwe hapa wala kwenye status, fundi akakubali mara moja na akaandika kwenye daftari, lakini kwanini nisubiri mpaka niseme? Waulize kila mteja. Wanauliza mpaka weusi wa mtu ni wa aina gani, wanashindwa kuuliza hilo?

Bei kwa nilivyolipa mimi: kusafisha picha moja Sh 25,000, ile iliyogandana na kioo Sh 30,000, kuprinti A4 Sh 8,000, albamu ndogo Sh 20,000, sauti walinichaji Sh 5,000 na flashi nilienda na yangu. Ukipeleka tatu pamoja wanapunguza ukiomba vizuri. Tangulizeni nusu tu, msilipe yote, mtaona hata hiyo Ijumaa inakuja mapema.

Ukienda beba picha zote hata zile mbovu, hata ya kisogo, fundi anasema kisogo kinamwonyesha umbo la kichwa. Beba iliyo kwenye fremu na fremu yake, usiitoe. Usitume picha iliyopigwa picha kwa simu ya mtu ikatumwa kwenye magrupu matatu, inafika imeshachoka, peleka yenyewe mkononi. Na nenda na mtu mmoja aliyemjua marehemu vizuri kuliko wewe, mi ningeenda na shangazi tangu mwanzo tungemaliza habari ya pua siku ya kwanza. Wanafungua saa tatu, Ijumaa mchana wanafunga kwa swala, Jumapili wapo mpaka saa nane.